Mashine Moja, Thamani Nne: Mwongozo wa Kuandika na Kuthamini Mitambo ya Kiwanda

Mashine ya kukamua alizeti iliyofungwa Singida miaka 6 iliyopita ina thamani gani leo? Mhasibu atafungua leja akupe tarakimu. Afisa wa kodi atakupa nyingine, mthamini wa benki nyingine, na wakala wa bima naye ana yake. Zote nne zaweza kuwa sahihi siku hiyohiyo, kwa kuwa kila moja inajibu swali lake. Hasara huanza pale mwenye kiwanda anapochukua jibu la swali moja na kulipeleka kwenye jingine. Anakatia mtambo bima kwa thamani ya vitabuni, moto unapita, na fidia haifiki hata nusu ya bei ya mashine mpya. Au anapanga bei ya lita ya mafuta bila kuingiza uchakavu wa kweli, na mashine inapokufa hakuna fedha ya kununua nyingine.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kiwanda cha kati au kidogo, meneja unayesaini hesabu, au mhasibu unayekabidhiwa mitambo kwa mara ya kwanza. Mfano utakaotumika mwanzo hadi mwisho ni kiwanda cha kukamua alizeti. Tarakimu za fedha ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania. Kanuni zake zinatokana na viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ambavyo Tanzania inavitumia tangu 2004 chini ya usimamizi wa NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), hasa kiwango cha IAS 16 kinachohusu majengo, mitambo na vifaa.

KISANDUKU: Swali gani, thamani ipi?

- *Mashine imebakiza kiasi gani cha gharama yake?* Thamani ya vitabuni: gharama kutoa uchakavu uliolimbikizwa.
- *Nipunguze kiasi gani kwenye faida inayotozwa kodi?* Thamani ya kikodi, kwa viwango vya sheria.
- *Ningeiuza leo ningepata nini?* Thamani ya soko, inayokadiriwa na mthamini.
- *Ikiteketea, nyingine itanigharimu kiasi gani?* Gharama ya kununua na kufunga nyingine, ambayo ndiyo msingi wa bima.

## Anza kwenye sakafu ya kiwanda

Hesabu za mitambo huharibikia ofisini kwa sababu zimeandikwa ofisini. Daftari linaonyesha mota ambayo ilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, huku kichujio kilichonunuliwa kwa fedha taslimu mwaka juzi hakimo kabisa. Hakuna kanuni ya uchakavu inayoweza kuokoa daftari la namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya hesabu yoyote, hesabu vitu vyenyewe.

1. Chagua siku ambayo mashine zimesimama. Kwa alizeti, wakati mzuri ni kabla ya mavuno mapya kuingia.
2. Nenda na watu wawili: fundi anayezijua mashine na mtu wa hesabu asiyehusika na ununuzi wake. Anayenunua asijihesabie mwenyewe.
3. Soma bamba la mtengenezaji kwenye kila mashine: jina, modeli, namba ya utambulisho, mwaka, nguvu ya mota. Piga picha ya bamba na ya mashine nzima.
4. Bandika namba ya kampuni. Karatasi ya gundi haidumu kwenye mafuta na joto. Gonga kibati au chora namba kwenye chuma.
5. Andika hali yake kwa maneno ya fundi: inafanya kazi, inafanya kazi kwa shida, imesimama inasubiri kipuri, haitengenezeki.
6. Fanya ukaguzi wa pande mbili. Kwanza chukua mistari ya daftari uitafute sakafuni. Hapo utagundua mali hewa. Kisha chukua mashine zilizopo sakafuni uzitafute daftarini. Hapo utagundua zilizosahaulika.
7. Tofauti zote zisainiwe siku hiyohiyo, na maelezo yaandikwe kabla watu hawajatawanyika.

Daftari lako la mali liwe na safu hizi kwa uchache: namba ya mali, maelezo na namba ya utambulisho, mahali ilipo, muuzaji na namba ya ankara, tarehe ilipokuwa tayari kutumika, gharama, maisha ya matumizi, thamani ya masalio, uchakavu wa mwaka, uchakavu uliolimbikizwa, thamani ya vitabuni, na dhamana kama imewekwa rehani benki. Jedwali la kompyuta linatosha. Jumla yake ilingane na leja kuu kila mwezi. Kungoja wiki ya mkaguzi wa hesabu ni kuchelewa mno.

## Gharama ya mashine si bei ya ankara peke yake

Gharama inayoingia kwenye mali ni kila kitu kilichohitajika kuifikisha mashine mahali pake na kuiweka tayari kufanya kazi. Sababu yake ni hii: mashine iliyolala bandarini Dar es Salaam haijakamua hata tone la mafuta. Usafiri, msingi wa zege na fundi wa kuifunga ni sehemu ya kuipata mashine kama ilivyo bei yake.

Tuseme mashine yetu imetoka nje ya nchi:

| Kipengele | Shilingi |
|---|---|
| Bei ya mashine | 120,000,000 |
| Meli na bima ya safari | 9,500,000 |
| Ada za bandari na wakala wa forodha | 4,500,000 |
| Lori kutoka Dar es Salaam hadi Singida | 4,000,000 |
| Msingi wa zege na umeme wa njia tatu | 8,000,000 |
| Fundi wa kufunga na kujaribu | 4,000,000 |
| Gharama ya mali | 150,000,000 |

Ushuru wa forodha ukitozwa, nao huongezwa, ingawa mitambo mingi ya uzalishaji huingia kwa asilimia 0 chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Visivyoingia ni mafunzo ya waendeshaji, sherehe ya uzinduzi, mishahara ya ofisi kuu, na hasara za miezi ya mwanzo ambapo kiwanda hakijapata wateja. Hivyo vyote ni matumizi ya mwaka husika. VAT nayo haiingii kama umesajiliwa na unaweza kuidai. Kama huwezi kuidai, ni sehemu ya gharama.

Zingatia jambo moja ambalo wahasibu waliosoma zamani hulikosea. Mafuta yaliyopatikana wakati wa kujaribu mashine, ukiyauza, fedha yake haipunguzi tena gharama ya mashine. Tangu 1 Januari 2022 mauzo hayo, pamoja na gharama ya kuzalisha mafuta hayo, huingia kwenye taarifa ya faida na hasara.

## Uchakavu: hapa ndipo penye uamuzi

Watu wengi huona uchakavu kama asilimia ya kurithi: "sisi tunatumia 12.5." Ukiuliza kwa nini, hakuna anayejua. Lakini uchakavu ni namna ya kugawa gharama ya mashine kwa miaka inayokuingizia mapato, ili kila mwaka ubebe sehemu yake ya haki. Asilimia uliyoirithi kwa mtu asiyewahi kuiona mashine yako haiwezi kufanya kazi hiyo. Anayejua mashine itadumu muda gani ni fundi wako, kwa hiyo mwite kwenye kikao cha hesabu. Nasisitiza hili kuliko lolote jingine humu.

Hatua ya 1: Igawe mashine vipande vyake. Sehemu yenye gharama kubwa na maisha tofauti huhesabiwa peke yake. Kwa mashine yetu, fundi anasema shafti ya skrubu na ngome yake hudumu miaka 3, mota na gia miaka 9, na mwili wa mashine miaka 15. Mwili huo ukichoka, chuma chake kinaweza kuuzwa kwa 6,000,000. Hiyo ndiyo thamani ya masalio.

| Sehemu | Gharama | Masalio | Miaka | Uchakavu wa mwaka |
|---|---|---|---|---|
| Shafti na ngome | 24,000,000 | 0 | 3 | 8,000,000 |
| Mota na gia | 36,000,000 | 0 | 9 | 4,000,000 |
| Mwili | 90,000,000 | 6,000,000 | 15 | 5,600,000 |
| Jumla | 150,000,000 | 6,000,000 | | 17,600,000 |

Usipogawa, ukachukua 150,000,000 kutoa masalio na kugawa kwa miaka 15, utapata 9,600,000 tu. Tofauti ni 8,000,000 kwa mwaka. Hiyo ni faida isiyokuwepo, na ukiigawa kama gawio unakula mtaji. Shafti itakapolika mwaka wa tatu, utashangaa fedha za kununua nyingine zimekwenda wapi.

Usivuke mpaka, hata hivyo, ukagawa mpaka boliti. Pete na bearingi zinazobadilishwa kila msimu ni matumizi ya msimu huo.

Hatua ya 2: Chagua njia inayofanana na matumizi. Kiwango sawa kila mwaka kinafaa kwa mashine inayochoka kwa umri. Kwa mashine inayochoka kwa kazi, hesabu uchakavu kwa uzalishaji. Alizeti ni ya msimu, na msimu hautabiriki. Kama mwili wa mashine unatarajiwa kukamua tani 30,000 maisha yake yote, basi 84,000,000 zikigawanywa kwa tani hizo ni shilingi 2,800 kwa tani. Mwaka mbaya wa tani 1,200 utabeba 3,360,000; mwaka mzuri wa tani 2,600 utabeba 7,280,000. Unachohitaji ni daftari la tani linaloaminika pale mizanini, na kama halipo, usiitumie njia hii. Kukokotoa uchakavu kama sehemu ya mapato ya mauzo hakuruhusiwi kwa mitambo, maana bei ya mafuta ikipanda mashine haichoki zaidi.

Hatua ya 3: Anza na usimame kwa wakati wake. Uchakavu huanza siku mashine inapokuwa *tayari* kutumika, hata kama alizeti haijaja. Hausimami kwa sababu mashine imelala, isipokuwa kama unatumia njia ya uzalishaji, ambapo mwezi usio na tani hauna uchakavu.

Hatua ya 4: Pitia upya kila mwisho wa mwaka. Muulize fundi: maisha yaliyobaki ni yaleyale? Masalio yamebadilika? Jibu likibadilika, gawa thamani iliyobaki, ukishatoa masalio, kwa miaka mipya iliyobaki kuanzia sasa. Usirudi kufuta miaka iliyopita.

KOSA LINALOONEKANA KILA KIWANDA: mashine ya sifuri inayofanya kazi. Daftari linasema sifuri, sakafuni inanguruma. Maana yake ni kwamba miaka ya mwanzo ilibebeshwa uchakavu mwingi mno na miaka ya sasa inaonekana na faida kubwa kuliko ilivyo. Huwezi kuirudishia thamani kwa kuandika tarakimu mpya upendavyo. Dawa ni kupitia maisha ya matumizi kabla sifuri haijafika. Na usiifute mashine daftarini ikiwa bado inafanya kazi. Iache na gharama yake na uchakavu wake uliolimbikizwa.

## Matengenezo au mali mpya?

Jiulize swali moja: baada ya kazi hii, nitapata manufaa zaidi ya mwaka mmoja ambayo sikuwa nayo, au nimebadilisha sehemu kubwa niliyokuwa naihesabia uchakavu peke yake? Ikiwa ndiyo, ni mali. Oili, grisi, kulehemu ufa na kubadilisha mikanda ni matumizi. Ukiweka shafti mpya, iandike kama mali na *uitoe ya zamani* pamoja na thamani iliyobaki. Wengi huongeza mpya na kusahau kutoa kuukuu, na baada ya miaka kumi kiwanda kina shafti nne vitabuni na moja sakafuni.

## Daftari la kodi liwe kando

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haijali fundi wako anasema nini. Inapanga mali katika madaraja na kutoa kiwango kwa kila daraja. Kompyuta, magari madogo na mitambo ya ujenzi huingia daraja la 1 kwa asilimia 37.5. Mitambo ya uzalishaji viwandani huingia daraja la 2 kwa asilimia 25. Samani za ofisi huingia daraja la 3 kwa asilimia 12.5. Katika madaraja hayo matatu mali huwekwa kwenye fungu moja, na asilimia hukokotolewa kwa kiasi kilichobaki cha fungu zima.

Kwa kiwango hicho cha kawaida, mashine yetu ya 150,000,000 ingetoa punguzo la 37,500,000 mwaka wa kwanza na 28,125,000 mwaka wa pili, tukiacha nafuu yoyote ya mwaka wa kwanza ambayo mashine zilizofungwa kiwandani huweza kustahili. Linganisha na 17,600,000 za vitabuni. Wakati wa kukokotoa kodi, uchakavu wa vitabuni hurudishwa kwenye faida, kisha punguzo la kisheria hutolewa. Tofauti kati ya madaftari haya mawili huzaa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi itakayoangukia miaka ijayo, ambayo mhasibu wako lazima aionyeshe.

*Tahadhari:* usibadilishe uchakavu wa vitabuni ufanane na wa kodi ili kurahisisha kazi. Na kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, thibitisha viwango kwa TRA au mshauri wa kodi kabla ya kuwasilisha ritani.

## Thamani inapoanguka ghafla

Wakati mwingine mashine hupoteza thamani haraka kuliko uchakavu unavyosema. Dalili ni hizi: imeharibika na haijatengenezwa, teknolojia mpya inakamua mafuta mengi zaidi kwa mbegu zilezile, mbegu zimekosekana eneo lako, au mashine imeachwa bila kazi. Ukiona dalili, pima. Linganisha thamani ya vitabuni na kiasi kinachoweza kurudi, yaani kile *kikubwa* kati ya hivi viwili: bei ya kuuza kutoa gharama za kuuza, au thamani ya sasa ya fedha utakazopata ukiendelea kuitumia.

Mfano: jenereta lina thamani ya vitabuni 40,000,000. Umeme wa gridi umetulia na jenereta halitumiki sana. Sokoni ni 26,000,000, gharama za kuliuza 2,000,000, kwa hiyo 24,000,000. Ukiendelea nalo, thamani ya matumizi ni 18,000,000. Chukua 24,000,000. Upungufu wa 16,000,000 unaingia kwenye hasara ya mwaka huu, hata kama unauma. Benki na wanahisa wana haki ya kuujua.

## Unapomwita mthamini

Utamhitaji unapoomba mkopo kwa dhamana ya mitambo, unapouza kampuni, unapoingiza mbia, au ukiamua kuonyesha mitambo kwa thamani mpya vitabuni. Tanzania Bara ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Hakikisha mthamini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, na umuulize waziwazi ana uzoefu gani na *mitambo*. Mtu aliyebobea kwenye nyumba na viwanja si lazima ajue gia iliyolika.

Mthamini ana njia tatu. Akipata bei za mashine zinazofanana zilizouzwa, hutumia soko. Mtambo mzima ukiwa na mapato yanayopimika, hutumia mapato. Kwa mashine za viwandani mikoani, ambako mauzo ya mitumba ni machache, mara nyingi hubaki na njia ya gharama:

1. Gharama ya mashine mpya ya uwezo uleule, ikiwa imefungwa: 180,000,000.
2. Toa uchakavu wa kimwili. Umri miaka 6 kati ya 15, hivyo kimebaki 9/15: 108,000,000.
3. Toa upungufu wa kiteknolojia, kwa mfano inakula umeme mwingi kuliko mpya: 12,000,000.
4. Toa upungufu wa kiuchumi, kwa mfano mbegu hazitoshi kuijaza: 16,000,000.
5. Imebaki 80,000,000.

Hatua ya 3 na ya 4 ndizo zinazorukwa, na ndizo zinazotofautisha uthamini na hesabu ya shule. Zikikosekana kwenye ripoti, uliza kwa nini. Mpe mthamini daftari lako la mali, kumbukumbu za matengenezo, tani za kila msimu na bili za umeme. Bila hizo atakisia.

Benki itaomba pia thamani ya mauzo ya haraka, ambayo huwa chini ya thamani ya soko. Usishtuke ukiona mkopo umepimwa kwa hiyo, na usiiweke kwenye vitabu.

Ukiamua kutumia thamani mpya vitabuni, masharti ni matatu. Thamini kundi zima la mitambo. Huruhusiwi kuchagua zilizopanda tu. Rudia mara kwa mara ili vitabu visiachane na soko. Na ongezeko liende kwenye akiba ya uthamini upya ndani ya mtaji. Kulipeleka kwenye faida na kugawana ni kugawana fedha ambazo hazijaingia kwa mtu yeyote.

KISANDUKU: Bima

Kata bima kwa gharama ya leo ya kununua na kufunga mashine nyingine, ikiwa mkataba wako unalipa kwa msingi huo. Sera nyingi za mali zina kanuni ya uwiano. Mashine ya 180,000,000 ikikatiwa bima ya 90,000,000, moto ukileta hasara ya 40,000,000 utalipwa 20,000,000, kwa kuwa ulijikatia nusu. Soma kifungu hicho na wakala wako kabla ya kusaini, kisha pandisha kiasi kila mwaka bei na thamani ya shilingi zinapobadilika.

## Unapouza au kutupa

Toa gharama na uchakavu wote uliolimbikizwa. Mashine yenye thamani ya vitabuni 22,000,000 ikiuzwa 30,000,000, faida ni 8,000,000 na huonyeshwa peke yake. Usiichanganye na mauzo ya mafuta. Kwenye daftari la kodi, fedha iliyopatikana hupunguzwa kwenye fungu la daraja husika. Kama mashine ilikuwa dhamana, pata kibali cha maandishi cha benki kwanza.

## Orodha ya kukagua kabla ya kufunga mwaka

☐ Mitambo imehesabiwa kwa pande mbili na tofauti zimesainiwa
☐ Daftari la mali linalingana na leja kuu
☐ Kila nyongeza ina ankara, risiti ya EFD na hati za forodha zikihitajika
☐ Sehemu zilizobadilishwa zimetolewa daftarini
☐ Fundi amesaini maisha yaliyobaki na masalio
☐ Mashine zilizolala zimepimwa kama zina upungufu wa thamani
☐ Jedwali la kodi liko kando, na kodi iliyoahirishwa imekokotolewa
☐ Mitambo iliyowekwa rehani imetajwa kwenye maelezo ya hesabu
☐ Kiasi cha bima kimelinganishwa na bei za leo za wauzaji, angalau wawili